Onyo la usalama kwenye simu ya Shangazi

Shangazi (Ujiji): Asalaam aleykum, wanangu. Nimepokea barua pepe inayojiita ya Google, inayosema kwamba kompyuta nisiyoijua imeingia katika akaunti yangu kutoka Dar es Salaam. Chini yake kuna kitufe cha kukagua, na kiungo chake ni kirefu, kimejaa herufi na tarakimu zisizosomeka. Sijabonyeza kitu. Niifute?

Hamisi: Waaleykum salaam, shikamoo Shangazi. Ifute mara moja. Kiungo cha namna hiyo ni cha matapeli, na wewe Dar hujaenda mwaka huu.

Baba Mdogo (Gungu): Dada, usiifute kwanza. Hamisi, urefu wa kiungo hauthibitishi lolote, kwa sababu hata barua halali huwa na viungo virefu vinavyobeba utambulisho wa mpokeaji. Kinachotazamwa ni jina la tovuti lililo kati ya https:// na mkwaju (/) unaofuata, na jina hilo husomwa kuanzia mwisho wake. Likiwa google.com tupu, au likiishia na nukta kisha google.com, tovuti ni ya Google, lakini google.com ikitangulia, kisha ikafuatwa na nukta na jina jingine, mwenye tovuti ni huyo wa mwisho, na wengi hunaswa hapo kwa kuwa jicho hutosheka na neno la kwanza linalolifahamu. Shikilia kiungo kwa kidole bila kukifungua, anwani yote itaonekana.

Zuhura: Na ile alama ya kufuli, Baba Mdogo?

Baba Mdogo (Gungu): Hiyo husema tu kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa. Hata tapeli hupata bila malipo cheti cha tovuti kinacholeta alama hiyo.

Zuhura: Basi hata anwani ya mtumaji si ya kutegemewa peke yake. Aprili 2025 iliripotiwa barua ya ulaghai iliyoonyesha anwani halisi ya Google na sahihi yake ya kidijitali, huku kiungo kikielekeza sites.google.com, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kutengeneza ukurasa wake.

Baba Mdogo (Gungu): Umesema kweli, na kanuni yangu ya google.com ingempitisha tapeli huyo. Ndiyo maana naona hatuna haja ya kubishana juu ya barua. Dada, iache ilivyo, fungua kivinjari, andika mwenyewe myaccount.google.com, kisha uingie sehemu ya usalama. Kama kweli kuna mtu aliyeingia, tukio hilo litakuwa limeandikwa huko, pamoja na vifaa vyote vinavyotumia akaunti yako. Hiyo Dar es Salaam isikutishe wala isikutulize: mahali hukadiriwa kutokana na anwani ya mtandao, na kifaa kilicho Kigoma kinaweza kuandikwa kwamba kiko Dar.

Shangazi (Ujiji): Nimeingia. Tukio lipo: kompyuta ya Windows, jana alasiri.

Saidi: Shikamoo Shangazi. Hiyo itakuwa ya steshenari ya Mwanga, uliponiruhusu nifungue barua pepe yako ili nichapishe zile fomu za shule.

Hamisi: Kwa hiyo barua ni ya kweli.

Baba Mdogo (Gungu): Tukio ni la kweli, barua yenyewe inaweza kubaki bila kubonyezwa. Saidi, ulitoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka?

Saidi: Umeme ulikatika nikiwa bado nachapisha, Baba Mdogo, kwa hiyo sikutoka.

Baba Mdogo (Gungu): Basi, Dada, gusa jina la kompyuta hiyo hapo hapo na uchague kuiondoa. Baadaye badilisha nenosiri, kwa kuwa kivinjari cha steshenari huenda kimelihifadhi, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani anayeingia aombwe uthibitisho mwingine, kama tarakimu, mbali na nenosiri. Yeyote atakayekupigia akiomba tarakimu za uthibitishaji, hata akijitambulisha kuwa wa Google, usimtajie.

Hamisi: Na zile meseji za kutuma pesa kwa namba hii, Baba Mdogo, nazo tunazikagua hivyo hivyo?

Baba Mdogo (Gungu): Hizo zitume 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyozituma.

Shangazi (Ujiji): Kompyuta nimeiondoa, na sasa imebaki simu yangu peke yake. Nenosiri nalibadilisha sasa hivi.