Sikumbuki siku niliyookoka, je nimeokoka kweli? Na msingi wa imani yetu ni upi hasa?

Nuru_ya_Alfajiri

Bwana asifiwe wapendwa, naomba mnisaidie kwenye hili maana limeninyima usingizi wiki nzima. Mimi nimezaliwa kwenye familia ya walokole, wazazi wameokoka kabla hata sijazaliwa, nyumbani kila jioni tulikuwa tunasoma Neno na kuomba, na kwa kweli sijawahi kuwa na kipindi ambacho naweza kusema hapa sikumwamini Yesu. Sasa juzi kwenye ushirika ninaosali nimepewa fomu ya kuwa mshirika kamili, kuna jina, kuna namba ya simu, mstari wa tatu umeandikwa "Tarehe ya kuokoka". Nimekaa na kalamu mkononi karibu nusu saa sina cha kuandika. Nikamwuliza kiongozi mmoja, akanijibu kama huijui siku uliyozaliwa mara ya pili basi hujazaliwa, ni sawa na mtu anayesema ameolewa ukimwuliza ndoa ilifungwa lini hajui.

Yale maneno yamenikaa moyoni. Najikuta naomba huku najiuliza kama nasikilizwa.

Kwa hiyo nauliza mawili. La kwanza, kuna wokovu usio na tarehe? La pili, ni mambo gani hasa ya msingi ambayo mtu akiyakana hatuwezi tena kusema anaamini injili? Maana nikisikiliza mahubiri huyu anasema usiponena kwa lugha bado, huyu usipozamishwa kwenye maji mengi bado, mwingine kabisa anasema lazima uamini unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, uko kabla ya dhiki kuu, ile taabu ya siku za mwisho. Naombeni mnijibu kwa upole tafadhali.

Mwalimu_wa_Warumi

Amina dada yangu, pole sana. Nimefundisha darasa la waongofu wapya miaka mingi na swali lako nimelikuta mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kwa watoto wa waliookoka.

Naanza na la pili maana likikaa sawa lile la kwanza linakuwa jepesi. Injili ni habari njema, na habari ni jambo lililokwisha kutokea, sio kazi unayopewa ukaifanye. Fungua 1 Wakorintho 15, Paulo anasema anawapa watu kile alichokipokea na yeye: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Hapo ndo katikati pa imani yetu. Na angalia vizuri, kwenye sentensi ile kitu pekee kilichotoka kwetu ni dhambi, mengine yote kafanya yeye.

Sasa huyo aliyekufa ni nani? Hili tunaamini pamoja na kanisa zima la zamani, hatukulianzisha sisi. Mungu mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, ndivyo maaskofu walivyokiri kwenye mitaguso ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli 381, na Kalkedoni mwaka 451 wakasema Yesu ni Mungu kweli na mwanadamu kweli. Mkatoliki na Mworthodoksi wanakiri hivyo hivyo. Watu wanaona haya ni mambo ya wasomi lakini hapana, wokovu wako umesimama hapo. Kama Yesu ni kiumbe tu, basi pale msalabani Mungu alichukua mtu asiyehusika akamtwisha makosa ya wengine, na hiyo haiwezi kuwa haki. Lakini kama ni Mungu mwenyewe aliyevaa mwili, basi aliyekosewa ndiye aliyebeba deni. Mimi kila nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kwanza kidogo.

Baada ya hapo kuna yale ambayo sisi tunayakazia zaidi. Mwanahistoria Mwingereza David Bebbington mwaka 1989 aliyaweka manne: lazima mtu aongoke, Biblia ndiyo yenye neno la mwisho, msalaba ndiyo kiini, na imani lazima itoke nje kwa kazi, yaani kushuhudia na kutumikia. Yeye alikuwa anaeleza walokole wakoje, hakuwa anaandika kiri ya imani, ila mi naona alituona vizuri. Ongeza la kuhesabiwa haki kwa imani, yaani Mungu kumhesabu mtu kuwa mwenye haki kwa kumwamini Kristo tu, lile la Martin Luther na wanamatengenezo wenzake karne ya 16, ongeza ufufuo wa mwili na kurudi kwa Bwana, hapo umeshika karibu yote. Walokole wa makanisa tofauti walipokutana London mwaka 1846 kuunda umoja wao waliandika pointi tisa tu. Waliokutana Lausanne kule Uswisi mwaka 1974, watu kama 2,300 kutoka nchi karibu 150, waliandika agano la vifungu 15, na ukilisoma hutakuta kunena kwa lugha kama sharti, hutakuta ubatizo wa kuzamishwa, wala unyakuo ni kabla au baada ya dhiki. Sio kwamba hayo hayana maana, yana maana na mimi nina msimamo wangu kwenye kila moja, ila mtu akitofautiana na mimi hapo bado ni ndugu yangu.

Haya, sasa tarehe. John Wesley, yule mhubiri Mwingereza mwanzilishi wa Wamethodisti, aliweza kukutajia mpaka saa: tarehe 24 Mei 1738, kama saa tatu kasorobo usiku, kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, wakati mtu anasoma utangulizi wa Luther kwenye Warumi. Na ujue wakati huo alikuwa ameshakuwa padri wa Kianglikana kwa miaka kama kumi na ameshavuka bahari kwenda Georgia kama mmisionari! Paulo naye alikuwa na barabara yake ya Dameski. Lakini Timotheo je? Paulo anasema imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na kwamba tangu utoto ameyajua maandiko matakatifu. Nitafutie tarehe ya Timotheo, hutaipata, na huyo ndiye aliyeachiwa kanisa la Efeso alichunge.

Umepewa mfano wa ndoa, sawa, ila Yesu kwa Nikodemo alitumia mfano wa kuzaliwa. Na siku yako ya kuzaliwa wewe huikumbuki dada, umeambiwa tu na waliokuwepo.

Kingine cha kujua, hii desturi ya kuita watu mbele na kuhesabu wokovu kuanzia dakika ile sio ya zamani hivyo. Anayejulikana sana kwa kuieneza ni Charles Finney, Marekani miaka ya 1830, aliweka benchi la mbele kwa waliochomwa moyo waje waketi waombewe. Wengi wameokoka kweli kwa njia hiyo, sipingi hata kidogo. Ila George Whitefield, mhubiri Mwingereza wa wakati wa Wesley, alihubiri kwa maelfu miaka mia kabla yake bila hilo benchi, na watu wakaokoka.

MamaWatatu

Dada mimi ni kinyume chako, mimi tarehe ninazo nyingi mno. Jalada la ndani la Biblia yangu ya kwanza lina tarehe saba, zote kwa mkono wangu, na sita zimekatwa kwa mstari. Kila nikianguka dhambini nilikuwa nasema basi ile haikushika, mkutano ukija naenda tena mbele naongozwa sala ya toba upya, narudi nyumbani nakata ya zamani naandika mpya. Kuna moja nilikata baada ya siku nne tu kwa sababu nilimfokea mama mkwe.

Kilichonitoa pale ni mama mmoja mzee kanisani, aliiona ile kurasa akaniuliza mwanangu, hizi tarehe zote ni za wewe kumshika Yesu, ya yeye kukushika wewe iko wapi? Akanifungulia Waefeso 2, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani; ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Nililia siku ile, sio kwa huzuni. Ndo nikaelewa kwamba nilikuwa naamini sala yangu badala ya kumwamini Bwana. Ile ya saba sijaikata mpaka leo lakini pia siitazami tena.

Mlinzi_Langoni

Nakubaliana na mwalimu ila naomba tusikimbilie kumfariji dada haraka kiasi cha kumficha jambo. Nikodemo alikuwa mtu wa dini, mwalimu wa Israeli, amekulia ndani yake kabisa, na bado Yesu akamwambia lazima uzaliwe mara ya pili. Mimi nimeimba kwaya tangu nina miaka tisa, mistari naijua kwa kichwa, naombea watu, na nilikuwa sijaokoka, nilikuwa nabeba imani ya wazazi wangu kama mtu anavyobeba jina la ukoo. Nilikuja kulijua hilo nikiwa na miaka 27, nilipokuwa mahali ambapo hakuna aliyenijua na nikagundua hakuna chochote ndani kinachonivuta kumtafuta Mungu. Kwa hiyo swali la "ulianza lini" naliacha, ila swali la "je sasa hivi unamtumaini nani" haliwezi kuachwa. Dada, ukifa usiku huu ukaulizwa kwa nini uingie mbinguni, utasema nimelelewa vizuri au utasema nini? Mtoto wa walokole anazaliwa na dhambi kama mwingine yeyote, Warumi 3:23 haijamwacha mtu nje.

Mwalimu_wa_Warumi

@Mlinzi_Langoni ndugu umesema kweli na nashukuru umesema. Toba na imani sio hiari. Ninachokataa ni kudai kwamba lazima ziwe na risiti.

Msafiri_wa_Imani

Samahani kwa kuingia, mimi nimelelewa Mkatoliki na bado naenda misa, nafuatilia tu. Nataka kuuliza bila ugomvi: mnasema kwa imani peke yake, mbona Yakobo 2:24 anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, wala si kwa imani peke yake? Na tafadhali msiseme Wakatoliki tunafundisha kununua mbingu kwa matendo, Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulisema wazi hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani iwe matendo, kinachostahili hiyo neema.

Mwalimu_wa_Warumi

Karibu sana ndugu, na hilo la Trento ni kweli, wahubiri wetu wengi hawalijui na wanawasingizia. Hata Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili tarehe 31 Oktoba 1999. Tofauti bado ipo, na ni kubwa: sisi tunasema kuhesabiwa haki ni hukumu ya hakimu, Mungu anamtangaza mwenye hatia kuwa ana haki kwa sababu ya haki ya Kristo, imekamilika siku hiyo hiyo. Ninyi mnasema ni pamoja na kufanywa mwenye haki ndani, na hiyo inaweza kuongezeka.

Kwa Yakobo, tazama mpangilio wa habari za Ibrahimu. Paulo anamchukua Ibrahimu wa Mwanzo 15, pale alipoangalia nyota akaamini na ikahesabiwa kwake kuwa haki. Yakobo anamchukua wa Mwanzo 22, kijana Isaka yuko juu ya kuni na kisu kimeinuliwa. Katikati kuna miaka mingi, Isaka mwenyewe kwenye ile sura ya 15 hajazaliwa bado. Kwa hiyo Ibrahimu alihesabiwa haki kabla hajafanya lile tendo, na lile tendo likaonyesha kwamba imani ya zamani ilikuwa hai. Yakobo anagombana na mtu anayesema anaamini na maisha hayabadiliki, huyo hata sisi tunamkataa. Na yule mnyang'anyi msalabani hakupata nafasi ya kufanya tendo lolote, miguu imepigiliwa, aliomba tu akumbukwe, akaahidiwa leo hivi peponi.

Kijana_wa_Yordani

Kwa hiyo aliyeokoka hawezi kupotea tena? Naona mnaelekea huko 😅

Mwalimu_wa_Warumi

Hapo walokole wenyewe wamegawanyika ndugu, tangu sinodi ya Dordrecht, ule mkutano wa makanisa ya Kiprotestanti kule Uholanzi 1618 na 1619, na kabla yake. Wa mkondo wa Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, wanasimama kwenye Yohana 10:28, hakuna atakayewapokonya mkononi mwake, na anayeacha kabisa hakuwa wetu tangu mwanzo. Wa mkondo wa Wesley wanasimama kwenye Waebrania 6 na kusema maonyo yale yameandikwa kwa waamini wa kweli, mtu anaweza kumwacha Bwana. Mimi niko na wa kwanza, mke wangu yuko na wa pili, tumeombea mezani pamoja miaka 31. Fungua uzi mwingine kwa hilo, tusimwache dada.

Nuru_ya_Alfajiri

Nimesoma yote, mengine mara mbili. @Mlinzi_Langoni swali lako nililiogopa, nikaenda chumbani nikajiuliza kwa sauti kabisa. Sikusema wazazi. Nilichosema ni kwamba alikufa kwa ajili yangu na sina kingine. Nilipojisikia nikilisema nikajua sio jibu la kukariri, maana nilikuwa peke yangu.

@MamaWatatu Mungu akubariki kwa kutuonyesha hilo jalada.

Fomu nimeirudisha leo, kwenye ile nafasi nimeandika "tangu utoto, 2 Timotheo 3:15". Kiongozi ameisoma, amefungua Biblia yake kuangalia, ameniambia atarudi kuniongelesha. Sijui atasema nini. Ila nina swali jingine, mwanangu ana miaka sita na jana wakati wa kulala kaniambia mama mimi nampenda Yesu na nimemwambia anisamehe nilivyompiga mdogo wangu. Nimwongoze sala ya toba au?

MamaWatatu

Ameshaiomba huyo. Mwitikie amina.