Nimehama Igoma kwenda Buswelu, nianzie wapi kubadili anwani?

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita nimehamia Buswelu nikitokea Igoma, yaani nimetoka wilaya ya Nyamagana nimeingia Ilemela, hapa hapa Mwanza. Vyombo vimefika salama, hata kabati lililopanda kirikuu likiwa limefungwa kwa kamba ya kuvulia. Shida imebaki kwenye makaratasi.

Kwa mwenyekiti wa mtaa nimeshajitambulisha, na mjumbe ananifahamu. Lakini taarifa zangu za NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) bado zinasoma Igoma, na benki hivyo hivyo. Nyumba ina kibao cha anwani ya makazi, kati ya vile vilivyobandikwa mwaka 2022 kabla ya sensa, ila fundi rangi kapitisha brashi juu ya tarakimu ya mwisho, haisomeki. Jina la barabara nalo kila jirani ana lake. Wengine wanakuelekeza kwa mwembe tu, basi.

Sanduku la posta ni la ofisini, hilo haliniumizi kichwa. Ninachoomba kujua: nichukue kwanza barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa ndipo niende NIDA, au benki na TRA (mamlaka ya mapato) wanaipokea moja kwa moja? Nakala ya mkataba wa pango inatosha, maana mwenye nyumba anaishi kisiwani Ukerewe na kumpata ni mpaka avuke? Na namba ya nyumba nithibitishe kwa mtendaji wa mtaa au wa kata? Kadi ya mpigakura nadhani nitasubiri uboreshaji wa daftari. Aliyehama wilaya karibuni anipe mtiririko wake, tafadhali.