Vikombe kwenda gramu jikoni: tupeane uzoefu

#1
Habarini wapishi. Resipi nyingi za kwenye simu zinasema kikombe kimoja, ukigeuka jikoni kwako kila kikombe kina saizi yake. Mimi nauza keki Tabata, tangu nihamie kwenye mizani keki inatoka vilevile kila siku na hata bei napiga kwa uhakika. Namba zangu kwa kikombe cha ml 240: unga wa ngano gramu 125, sukari 200, siagi 227, maji 240, asali kama 340. Mtu akikwambia kila kitu kikombe ni gramu 250 usimsikilize, unga una hewa ndani jamani. Nyie mnafanyaje?

#2
Unga ndo wa kuangalia haswa. Ukizamisha kikombe mfukoni ukashindilia unapata hata 150, ukichota kwa kijiko ukamimina polepole ukasawazisha na kisu unapata 120 hivi. Jirani yangu huku Kisauni mahamri yake yalikuwa magumu kila mara, tukaweka kikombe chake cha unga kwenye mizani, 155! Tukapunguza unga, mahamri yakafura vizuri mpaka watoto wakaanza kuyatia maharagwe ndani.

#3
Muangalie pia resipi imetoka wapi. Cup ya Marekani ni ml 237, ya Australia ni 250, na kijiko cha mezani cha Australia ni ml 20 wakati kwingine ni 15. Mimi niko Uingereza, resipi za huku siku hizi nyingi ni gramu tupu, raha sana.

#4
Asiye na mizani asikate tamaa. Nunua unga wa kilo moja, mimina wote kwenye beseni kwa kikombe chako hichohicho cha chai ukihesabu. Vikitoka vikombe 7, basi kimoja ni kama gramu 143, andika ukutani. Sukari fanya hivyohivyo peke yake, usichukue namba ya unga.

#5
Hapo kwenye peke yake nakuunga mkono. Bibi yangu Unguja alikuwa akipima kwa kibaba, vibaba vinne pishi moja, na mkono wake haukosei. Kopo lake ninalo mpaka leo, ubavuni nimeandika kwa kalamu ya wino mzito gramu za mchele, chini yake gramu za unga. Vitumbua vyake sasa hata binti yangu anavipika bila kuniuliza.

#6
Naongezea: hamira, chumvi na bekingi pauda acheni kwenye vijiko. Mizani zetu za bei ya kawaida zinasoma gramu moja moja, ukiweka gramu 3 za hamira inasita sita tu. Kuijaribu mizani, weka jagi tupu, bonyeza irudi sifuri, tia maji nusu lita, inatakiwa isome karibu 500.

#7
Kwa keki ya siagi mimi hata vikombe sihitaji. Navunja mayai 4 makubwa kwenye bakuli napima, inakuja kama gramu 200, basi unga, sukari na siagi kila kimoja uzito uleule wa mayai. Mayai ya kienyeji ni madogo, ikisoma 160 vyote vinashuka 160. #1 jaribu hiyo utuletee majibu, na mwenye gramu za unga wa muhogo aziweke hapa tafadhali.