Matundu ya nati kulingana hakutoshi: nimeuziwa rimu za baridi zisizoweza kubeba gari langu la umeme

Ndugu wanajamvi,

Nimechoka kuambiwa kwamba "matundu yanalingana, kwa hiyo zinafaa." Hilo ndilo jibu nililopewa kabla ya kulipa, na ndilo ninalopewa hadi leo, ilhali magurudumu manne ya majira ya baridi yamelala kwenye maboksi na theluji imekwisha kuanguka.

Ni kweli, matundu yanalingana: ni matano, kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Tairi nazo sina ugomvi nazo, kwani zina alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji, inayoonyesha kwamba zinafaa kwa theluji, na namba yake ya mzigo ni 98, yaani kila moja hubeba hadi kilo 750. Lakini nilipoigeuza rimu na kusoma maandishi yaliyochapwa kwa ndani, nilikuta kikomo chake ni kilo 650. Kibandiko cha mlangoni kinasema wazi kwamba ekseli ya nyuma ya gari langu inaruhusiwa kubeba kilo 1,400. Rimu mbili za kilo 650 zinabeba 1,300. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi.

Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwamba rimu hizo hufungwa kila siku kwenye magari ya ukubwa kama wa langu. Ya petroli, bila shaka! Betri iliyo chini ya sakafu ya gari la umeme huwa na uzito wa mamia ya kilo, hivyo magari mawili yanayolingana kwa umbo yanaweza kutofautiana sana kwa uzito. Mtu anayeuza bidhaa hizi alipaswa kuniuliza uzito wa ekseli kabla ya kuniuliza napenda rangi gani. (Rangi aliniuliza mara mbili.)

Tundu la katikati ya rimu nalo ni pana kuliko kitovu cha gari, na pete za kuziba nafasi hiyo hazikuwemo. Hilo ningelivumilia. Kuhusu vihisi vinavyopima upepo wa tairi siwezi kunyamaza: gari langu husoma vihisi vinavyotuma taarifa kwa Bluetooth, lakini wauzaji wamefunga vile vya redio ya megahezi 433, ambavyo halitavitambua kamwe. Upepo wa tairi hushuka takriban ba 0.1 (ba ni kipimo cha shinikizo) kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo ningekosa tahadhari katika majira yale yale ninapoihitaji zaidi.

Sasa wanakataa kurudisha fedha kwa hoja kwamba tairi zimekwisha kuvalishwa kwenye rimu. Waliozivalisha ni wao wenyewe, katika karakana yao, kabla sijaziona. Ninataka fedha zangu zote, pamoja na gharama ya usafirishaji, na ninataka kikomo cha mzigo cha kila rimu kiandikwe kwenye tangazo lao kando ya bei, si kufichwa upande wa ndani ambao mnunuzi huuona baada ya kulipa.