Mamajusi katika igizo la Krismasi: je, waingie pamoja na wachungaji?

Mwalimu wa Jumapili (Uyole, Mbeya) anauliza:

Habari zenu wapendwa. Ninasimamia watoto wa shule ya Jumapili katika usharika mmoja hapa Mbeya, na igizo letu la mkesha wa Krismasi hufuata mpangilio uleule kila mwaka: wachungaji wanaingia, malaika wanaimba, kisha wafalme watatu waliovaa taji za karatasi ya kung'aa wanapiga magoti mbele ya hori, na hapo kwaya inasimama. Safari hii mzee mmoja wa kanisa ametaka wafalme hao waondolewe kabisa kwenye mkesha, kwa sababu Maandiko hayasemi kwamba walikuwa watatu, wala kwamba walikuwa wafalme, wala kwamba walifika usiku ule. Wazazi ambao watoto wao wamekwisha kushonewa majoho hawajafurahi hata kidogo. Je, mzee wetu ana haki kwa kiasi gani, na kama anayo, wageni hawa tuwaweke wapi?

Baba Tumaini (Iringa):

Kamwene, Mwalimu. Mzee wenu amesoma vizuri. Habari ya mamajusi imo katika Mathayo sura ya 2 peke yake, na habari ya hori na wachungaji imo katika Luka sura ya 2 peke yake. Ni sisi tunaozikutanisha jukwaani. Mathayo anasema waliingia nyumbani wakamkuta mtoto pamoja na Mariamu mama yake, na hataji hori wala zizi. Tena Herode, baada ya kuwahoji kwa makini kuhusu wakati nyota ilipoonekana, aliagiza wauawe watoto wa kiume wa Bethlehemu waliokuwa na umri wa miaka miwili au chini ya hapo, agizo ambalo lisingekuwa na maana kama angeamini kwamba mtoto aliyemtafuta amezaliwa juzi.

Hata hivyo, hoja inayonishawishi mimi zaidi haisemwi mara nyingi. Luka anaeleza kwamba siku za utakaso zilipotimia, ambazo kwa mtoto wa kiume sheria ya Walawi inazihesabu kuwa 40, Yusufu na Mariamu walimpeleka Yesu hekaluni, na sadaka anayoitaja ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hiyo ndiyo sadaka iliyoruhusiwa kwa mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Ni vigumu kuamini kwamba familia iliyokwisha kupokea dhahabu ingetoa sadaka ya maskini, na ni vigumu zaidi kuamini kwamba ingempeleka mtoto Yerusalemu, mji wa mfalme aliyekuwa akitaka kumwua. Kwa hiyo naona wageni walifika baada ya siku hizo 40.

Katekista (Njombe):

Ninakubaliana na Baba Tumaini kuhusu wakati, lakini sikubali kwamba watu watatu wenye taji ni uzushi tu wa kufutwa. Idadi imetokana na zawadi, yaani dhahabu, uvumba na manemane, na ni kweli kwamba haikuwa moja kila mahali: katika makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kale mjini Roma kuna mchoro wenye mamajusi wawili na mwingine wenye wanne, na Wakristo wa Siria walizoea kuwahesabu 12. Ufalme nao haukuokotwa njiani. Zaburi ya 72 inawataja wafalme wa Sheba na Seba wakileta vipawa, na Isaya sura ya 60 inataja wafalme, ngamia, dhahabu na uvumba. Waamini waliokuwa wakiisoma Injili pamoja na manabii waliona maneno hayo yametimia Bethlehemu. Majina ya Gaspar, Melchior na Balthazar ndiyo yaliyochelewa.

Sisi Wakatoliki tunawakumbuka katika sherehe ya Tokeo la Bwana, ambayo tarehe yake ya asili ni 6 Januari. Mwalimu, hapo ndipo mahali pao, kama usharika wako utaridhia.

Binti Rungwe:

Naomba niongeze jambo la mavazi, maana wazazi wamekwisha kutumia fedha. Katika ukuta wa kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, mjini Ravenna nchini Italia, kuna picha ya vijiwe vya rangi ya karne ya 6 inayowaonyesha mamajusi wakiwa na majoho mafupi, suruali za kubana na kofia nyekundu zenye ncha iliyopinda, bila taji, kwa kuwa waliochora waliwafikiria kuwa Waajemi. Wapo walimu wa kale waliosema walitoka Arabuni, kama Justin wa karne ya 2, na hilo si la ajabu, kwa sababu miti ya uvumba na manemane huota kusini mwa Arabuni na huko Somalia. Mathayo mwenyewe anasema mashariki tu. Kwa hiyo majoho yabaki, taji zivuliwe, na kofia zishonwe kwa mabaki ya vitambaa. Mkiongeza watoto wawili au watatu wa kubeba mizigo, hakuna atakayeweza kudai kwamba mmeweka idadi isiyoandikwa.

Mkihitaji kuwaeleza watoto kwa nini wageni walichelewa, wasomeeni Ezra 7:9, ambako safari ya kutoka Babeli hadi Yerusalemu ilichukua miezi minne, na Ezra hakuwa na haja ya kusimama kwa mfalme yeyote kuuliza njia.

Mwalimu wa Jumapili (Uyole, Mbeya):

Ninawashukuru sana, baba zangu na dada yangu. Nimemsomea mzee maelezo haya, naye amekubali kwamba mkesha uishie kwa wachungaji, na mamajusi wachezwe Jumapili ya kwanza ya Januari mbele ya nyumba ya kawaida, si mbele ya hori. Wazazi wamepoa waliposikia kwamba majoho yatatumika. Linalobaki ni Herode: kijana aliyekuwa akimwigiza amehamia Makambako, na kila mvulana ninayemwomba anataka kuwa mmoja wa wageni.