Safari ya Kollam, India, kwa mbangua korosho: nianzie wapi?

Bi_Mikindani

Habari za jioni wadau. Niko Mikindani, tuna kikundi cha akina mama kumi na wawili, tunabangua korosho na kuuza rejareja pale mjini Mtwara. Kila msimu naona malori yakipeleka korosho ghafi bandarini. Nikiuliza zinakwenda wapi naambiwa India, na mji unaotajwa mara nyingi ni Kollam. Nimeweka akiba miaka mitatu. Nataka nikae siku kumi hivi, nione wenzetu wanavyofanya kazi, na kama kuna mashine ndogo ya kumenya lile ganda jembamba la ndani nijue bei yake. Ndege nimepanda ya Dar tu. Kiingereza changu ni kidogo. Niende mwezi gani, viza ipi, nishukie wapi, nilale wapi? Humu watu wanaongelea Mumbai na Delhi, Kollam siioni.

Mzee_wa_Masasi

Hongera mwanangu. India sijafika, ila barabara ya kusini naijua. Usikate tiketi ya ndege ya kimataifa ya siku ileile unayoshuka na basi Dar. Mei 2024 mvua ziliikata barabara kule Somanga, watu wakalala njiani. Fika Dar siku mbili kabla.

MamaSalma_Shangani

Dada, nimeusoma ujumbe wako mara mbili maana nilikwenda kwa sababu hiyohiyo, Januari ya mwaka juzi.

Mwezi ni huohuo, Januari. Mvua kubwa za Kerala, jimbo ulipo mji wa Kollam, hunyesha Juni hadi Septemba, na Oktoba na Novemba zinarudi tena. Januari ni kukavu. Halafu korosho zao wenyewe huanza kuiva Februari, kwa hiyo wakati huo viwanda vinakula za kwetu, na ndicho unachokwenda kuona.

Viza inaombwa mtandaoni, lakini usikimbilie ile ya utalii kwa kuwa ni rahisi. Wewe unakwenda kuulizia mashine, hiyo ni biashara. Omba ya biashara. Watataka kadi yako ya biashara na barua ya kampuni ya kule inayokualika. Barua hiyo ndiyo kazi kubwa ya safari nzima, ianze sasa. Mimi sikuwa nayo. Nilifika geti la kiwanda cha kwanza nikakuta kufuli lina kutu; viwanda vingi vya Kollam vimefungwa miaka ya karibuni. La pili mlinzi alinikatalia. Nilipoteza siku tatu kati ya nane. Liandikie mapema shirika la korosho la serikali ya jimbo la Kerala, makao yake yako palepale Kollam, lipo tangu 1969. Eleza kikundi chenu, idadi yenu, na vifaa mnavyobangulia.

Chanjo ya homa ya manjano uchome siku 10 au zaidi kabla ya kuingia India, na kadi ikae pamoja na pasipoti. Ukipitia Addis Ababa au Nairobi bila kadi wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita. Mimi nilipitia Doha, na kadi niliibeba vilevile.

Usiende Mumbai. Shukia Thiruvananthapuram, wenyewe husema Trivandrum. Kutoka pale Kollam ni kama kilomita 65 kwa treni. Ukitafuta tiketi, alama ya stesheni ya Kollam ni QLN, kwa sababu zamani mji uliitwa Quilon. Mimi nilitafuta kwenye K mpaka nikachoka. Na saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyonikosesha treni ya kwanza. Ratiba inaandikwa 15:20, yaani saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Malazi lipia kabla, na waulize kwa maandishi kama wanapokea wageni wa nje. Kila hoteli inatakiwa kumsajili mgeni kwa fomu wanayoiita Fomu C, na nyumba ndogo za bei nafuu nyingine hazitaki usumbufu huo. Nilikataliwa sehemu mbili saa nne usiku, begi kichwani.

Chakula usihofu. Wanakula mihogo ya kuchemsha, wanaiita kappa, na mchuzi wa samaki mwekundu wenye ukwaju wao mweusi. Wanapikia mafuta ya nazi. Misikiti ipo mingi.

Sasa nikwambie nilichokiona siku ya nne, mwenyeji mmoja aliponiingiza. Banda refu, akina mama wameketi mistari. Mmoja, umri wa mama yangu, yuko kwenye kigoda, mbele yake jiwe. Anaweka korosho, anaigonga ubavuni mara moja kwa nyundo ya mti, ganda linapasuka, kokwa inatoka nzima. Anachovya vidole kwenye majivu, anachukua nyingine. Nilimnyooshea viganja vyangu aone vilivyoungua na mafuta ya ganda. Akanyoosha vyake. Vilikuwa sawasawa na vyangu, hata weusi wa kucha. Nyuma yake gunia la juti, limepigwa chapa Tanzania. Nililia dada, sioni aibu kusema.

Chumba cha pili wanachambua madaraja kwa macho. W320 ni kokwa kama 300 hadi 320 kwa ratili moja. Kaa pale hata saa moja. Sisi huku tunachanganya kubwa na ndogo kwenye pakiti moja, tunapoteza bei.

Ukibakiwa na siku, ulizia kama boti ya asubuhi ya Kollam hadi mji wa Alappuzha inakwenda, uipande. Saa nane za maji na minazi.

Fundi_Newala

Naongeza la pesa. Shilingi yetu huko haibadilishwi, beba dola safi zisizokunjwa. Vibanda vya chai wanalipwa kwa simu, mteja anapiga picha kibandiko cha QR kilichobandikwa pale, mgeni inamsumbua, kwa hiyo omba noti ndogo za rupia. Laini ya simu nunua uwanja wa ndege, watataka pasipoti na viza. Bajaji huko ni “oto”, patana bei kabla hujakaa.

Bi_Mikindani

Shikamoo Mzee, asanteni nyote. Mama Salma, nimesoma ile ya viganja kwa sauti kwenye kikao, wenzangu wamenyamaza. Barua naandika wiki hii. Je, nibebe korosho zetu wazione? Na zawadi gani inafaa kwa wale akina mama?

MamaSalma_Shangani

Ghafi acha nyumbani, mbegu na mimea forodha yao ni kali. Chukua zilizobanguliwa, kilo moja, pakiti imefungwa na ina lebo ya kikundi, na uitangaze ukifika. Zawadi peleka khanga doti mbili tatu, watakuuliza maneno yake yana maana gani, jifunze kuyaeleza kwa Kiingereza kabisa. Mwaliko ukija uweke hapa, ficha majina, tuusome pamoja kabla hujalipia viza.