Nimeandika maoni makali kuhusu mgahawa, nimeshindwa kuyatuma. Naombeni ushauri

Binti Mikindani:

Wadau wa Mtwara na Lindi, habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Kigoma. Ni mara yake ya kwanza kuiona bahari, na tangu ashuke kwenye basi anaulizia pweza. Jumapili iliyopita tukampeleka mgahawa mmoja wa ufukweni hapa Mtwara mjini, jina nalihifadhi. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, mama na mwanangu wa miaka 7. Tuliagiza pweza wa nazi sahani tatu, na mama akaongeza jodari wa kupaka kwa ajili yake, tukisema tutaonjana. Ugali tulitaka wa muhogo kwa kuwa umeandikwa kwenye menyu, na nilikuwa nimemsifia sana.

Chakula kilichelewa mno. Mtoto alilala mezani. Ugali ukaja wa mahindi, eti unga wa muhogo umeisha, na hakuna aliyetuambia mapema. Pweza alikuwa mgumu, mama akatafuna kipande kimoja muda mrefu kisha akakitoa kwa adabu kwenye tishu. Jodari alimla yeye karibu wote. Hatujatoka hata hapo, akaanza kusema midomo inamwasha na uso unawaka moto. Bili ilikuwa shilingi 80,000. Jodari kwenye menyu ni 14,000, tukatozwa 18,000.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama hakulalamika hata kidogo. Alisema tu, "Mwanangu, labda mimi sijazoea vya baharini." Mtu aliyekula samaki maisha yake yote pale Kigoma, aondoke Mtwara akidhani kosa ni lake!

Usiku nikaandika maoni ya kuweka Google Maps. Nayaweka hapa kama yalivyo:

"Nyota moja. Msithubutu kuja hapa. Pweza ni wa friza ndiyo maana mgumu kama mpira. Tulikaa saa mbili kama wafungwa. Mhudumu, yule binti wa hijabu ya kijani, hana adabu, anachezea simu wateja wakiwa na njaa. Ni wezi, bei ya menyu siyo bei ya bili. Mama mkwe wangu wamemlisha sumu. Jikoni ni wachafu."

Sijayatuma. Mwenye mgahawa tunafahamiana, mtoto wake na wangu wako darasa moja. Mume wangu anasema niache, mji huu ni mdogo. Lakini nikinyamaza, kesho mwingine atampeleka mama yake palepale. Ningekuwa ninyi, mngefanyaje?

Mkazi wa Magomeni:

Dada, pole sana. Mpe pole na mama. Mimi nasema usitume. Mfuate mwenye mgahawa umweleze uso kwa uso. Riziki ya mtu ikishachafuliwa mtandaoni haisafishiki, na pale wanakula watu wengi, wapishi, wahudumu, mpaka kijana anayewapelekea mkaa.

Mla Ming'oko:

Sikubaliani na aliyenitangulia, samahani sana kaka. Kwa nini dada alikwenda pale? Bila shaka alikuta sifa. Hapa kwetu maoni mengi ya migahawa yanaandikwa na wapwa na mabinamu wa mwenye mali, nyota tano juu ya nyota tano, "chakula kitamu, mandhari nzuri", basi. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege hana shangazi wa kumwuliza. Anategemea sisi tuliokula. Tukinyamaza kwa kuoneana haya, tunamdanganya mgeni kwa ukimya wetu.

Tuma, dada. Lakini siyo hayo uliyoandika.

Mchuuzi wa Feri:

Dada yangu, mimi nauza samaki pale Feri mwaka wa kumi na mbili sasa. Naomba unisome taratibu, kuna mambo mawili umeyachanganya na yana uzito tofauti kabisa.

La kwanza, pweza. Umeandika ni mgumu kwa sababu ni wa friza. Hapo umekosea. Pweza akigandishwa nyama yake inalainika, haikazi. Anayekaza ni yule aliyetoka baharini leo akatiwa moto mkali bila kupondwa. Ndiyo maana wapweza wetu wakimtoa kwenye mwamba wanampigapiga kwanza, na mama zetu wakamchemsha kwa moto mdogo mpaka kijiti kinapita, ndipo tui la nazi linaingia. Pweza mgumu ni pweza aliyeharakishwa jikoni. Sasa kwamba alikuwa wa friza, hilo linawezekana. Jumapili iliyopita mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, miamba haikuachwa wazi vya kutosha, wanaokwenda kwa miguu hawakupata kitu. Pweza anajaa sokoni wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Lakini wa friza siyo kosa. Kosa ni kumwita "wa leo" kama siyo wa leo. Je, walikuambia ni wa leo?

La pili ndilo limenifanya niandike. Midomo kuwasha na uso kuwaka muda mfupi baada ya kula jodari, hiyo tunaijua sisi wa sokoni. Jodari, kibua, nguru, hawa wakikaa nje ya barafu kwenye joto letu hili, bakteria wanatengeneza kitu kwenye nyama kinaitwa histamini. Samaki anaweza asinuke, anaweza asionekane kabisa kuwa ameharibika. Na ikishaingia, haitoki kwa kukaanga wala kwa kupaka wala kwa kuchemsha. Haitoki hata ukimrudisha kwenye friza. Umeme ukikatika usiku kucha, friza ikayeyuka, asubuhi ikaganda tena, mpishi ataona samaki mgumu kama jiwe na kudhani yuko salama. Mtu anaweza kuwashwa, kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio, wengine kutapika na kuhara. Mara nyingi inaisha ndani ya siku moja, ila mtu akianza kubanwa pumzi ni kumkimbiza hospitali bila kusubiri.

Sijamwona huyo samaki, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kama ndivyo, jambo hili halingoji nyota. Mwenye mgahawa anatakiwa aambiwe leo, maana jodari aliyebaki kwenye hiyo friza yupo anauzwa.

Binti Mikindani:

Mchuuzi wa Feri, asante sana, nimesoma mara tatu. Hapana, hawakuniambia pweza ni wa leo. Nilidhani tu, kwa kuwa ni ufukweni. Mama alilala na kichwa kinamuuma, asubuhi akaamka mzima. Mume wangu alimwonja jodari kidogo tu, yeye hakusikia kitu. Nilifikiri ni mzio. Nimeogopa sana baada ya kukusoma.

Makaratasi:

Kwa upande wa sheria, kwa ufupi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa mtu anayechapisha kwenye mtandao jambo analojua ni la uongo au la kupotosha, kwa nia ya kukashifu au kudanganya umma. Adhabu yake siyo ndogo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Anayesema kweli aliyoiona hana sababu ya kuitetemekea. Lakini pitia andiko lako neno kwa neno. "Wezi", je, una uhakika walikusudia kukuibia, au menyu ni ya zamani? "Sumu"? "Jikoni ni wachafu", uliingia jikoni? "Nililipa 18,000, menyu inasema 14,000" ni jambo ambalo hakuna anayeweza kukupinga nalo, hasa ukiwa na picha ya menyu na risiti. Risiti walikupa ya mashine au ya kalamu?

Binti Mikindani:

Ya kalamu. Jikoni sikuingia. Nilikuwa na hasira.

Mama wa Lindi:

Mwanangu, mimi nina kamgahawa Lindi mjini, meza sita. Nimesoma hapa kimya, nimeona niseme.

Mwaka juzi niliamka nikakuta nyota moja, maneno matatu: "Wachafu. Msiende." Hakuna tarehe, hakuna alichokula, hakuna alichokiona. Nililia. Nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi, nikapaka ukuta rangi, nikamgombeza binti wa watu anayeosha vyombo mpaka akaacha kazi. Hadi leo sijui yule mteja aliona nini. Inawezekana aliona mende, inawezekana ni nzi wa msimu wa maembe. Ningejua ningetengeneza. Sikujua, nikabaki kumshuku kila mtu.

Baadaye mwingine akaandika, nyota mbili: "Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Chapati zilikuja mapema na zilikuwa nzuri. Chai ilikuja chapati zimeshapoa." Huyu nilimshukuru moyoni mpaka leo. Nilikuwa na jiko moja la mkaa, chapati na chai vinagombea moto uleule. Nikanunua jiko la pili wiki hiyohiyo.

Wote wawili walinisema vibaya. Mmoja aliniumiza bure, mwingine alinifunza kazi. Kwa hiyo usinyamaze, mwanangu. Sisi wenye migahawa wateja wa kwetu wana haya, anakula nusu, anasema "asante mama, nimeshiba", anaondoka harudi. Mtu anafilisika huku kila mteja akimwambia chakula kitamu.

Jambo moja nakuomba kama mzazi: mtoe yule binti wa hijabu ya kijani. Menyu siyo yake, friza siyo yake. Tajiri akisoma, wa kwanza kufukuzwa ni yeye, na jodari atabaki palepale.

Mla Ming'oko:

Mama, hapo kwa binti umenishika. Mimi ningemwandika.

Hesabu za Korosho:

Niongeze kitu kimoja ambacho watu wa Dar hawakioni. Migahawa yetu ina maoni machache. Mgahawa wenye maoni 9, yote nyota tano, ukiuwekea nyota moja unashuka mpaka 4.6 kwa mtu mmoja tu. Wenye maoni 800 usingetikisika. Sisemi usitoe nyota moja, nasema huku kwetu nyota moja ni nzito, kwa hiyo jiulize: kuna kitu chochote kilikuwa sawa siku ile? Kama kipo, na kiandikwe.

Mkazi wa Magomeni:

Bado naona umfuate kwanza mwenyewe.

Binti Mikindani:

Nimerudi. Jana jioni nilikwenda. Nilikwenda peke yangu, nikasubiri wateja wapungue.

Mwanzo alinijibu kwa ukali, akasema watu wa siku hizi mnapenda kuandika andika. Nikamwonyesha picha ya menyu na risiti. Akanyamaza, akaniambia bei ya jodari ilipanda na menyu hawajachapisha nyingine. Akanirudishia 4,000, sikutaka kuipokea, akasisitiza. Kuhusu kuchelewa, alisema mhudumu wa pili alikuwa msibani, yule binti alibaki peke yake na meza zote, na simu aliyokuwa ameishika alikuwa anampigia kijana aliyefuata mkaa. Niliona aibu hapo. Nilikuwa nimeshaandika hana adabu.

Kwenye jodari hatukuelewana. Anasema alikuwa mzima, amekula hata yeye. Nilimweleza yote ya Mchuuzi wa Feri, kwamba hanuki na haonekani. Kuhusu friza hakunijibu, alisema tu umeme unakatika kwa kila mtu. Tuliagana kwa heshima lakini hajafurahi. Asubuhi hii nimepita ofisi ya bwana afya, nimemweleza kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuongeza. Kasema atapita.

Nilidhani tulikaa saa mbili. Nimeangalia picha kwenye simu: oda tulitoa saa saba na dakika kumi, sahani zikafika saa nane na dakika hamsini. Ni saa moja na dakika arobaini.

Nimeandika upya:

"Nyota mbili. Tulifika Jumapili mchana, watu wanne. Sehemu ni nzuri, upepo mzuri, meza safi. Tulisubiri chakula saa moja na dakika arobaini, mhudumu alikuwa mmoja. Ugali wa muhogo upo kwenye menyu lakini haukuwepo, tukaletewa wa mahindi bila kuulizwa. Pweza wa nazi: tui zuri, pweza hakuiva, alitafunika kwa shida. Jodari wa kupaka kwenye menyu ni 14,000, tulitozwa 18,000. Nilipofuatilia nilirudishiwa tofauti. Aliyekula jodari aliwashwa midomo na uso muda mfupi baadaye, akapona kesho yake. Nimemweleza mwenye mgahawa na bwana afya. Ulizeni bei kabla ya kuagiza, na ulizeni jodari amekaa tangu lini. Wakirekebisha nitarudi na nitabadilisha maoni haya."

Tui kweli lilikuwa zuri. Mara ya kwanza nilikuwa nimelisahau.

Mama wa Lindi:

Hayo ningeyapokea. Yangeniuma, lakini ningejua pa kuanzia.

Makaratasi:

Sina cha kufuta. Tunza picha.

Mchuuzi wa Feri:

Tuma. Halafu niambie, mama yupo mpaka lini? Bamvua linaingia wiki ijayo. Mlete Feri mchana, wapweza wakisharudi. Nitakuchagulia mmoja wa wastani, tutamponda palepale, mama aone kwa macho yake. Unga wa makopa, muhogo mkavu, sokoni upo. Mkapike nyumbani, moto mdogo, msiharakishe.

Binti Mikindani:

Anaondoka tarehe 28. Nimemsomea ujumbe wako, ameuliza kama atampiga yeye mwenyewe huyo pweza.

Mchuuzi wa Feri:

Atampiga yeye.